Salim, faili lako la .gdbinit halijapotea

Rafiki yangu Salim,

Salamu zako zimenifikia, pamoja na swali lako, na kwa kuwa najua kazi yako imesimama, naomba niingie moja kwa moja. Unasema umeweka faili la .gdbinit, lenye amri za kusomwa GDB inapoanza, ndani ya folda ya mradi, lakini GDB, hiyo programu ya kusaka makosa katika programu nyingine, hufunguka kana kwamba halipo: sehemu ulizopanga programu isimame hazitambuliki, wala amri zako fupi hazifanyi kazi. Jibu limo katika lile onyo refu uliloliita kelele, lenye maneno "auto-loading has been declined". GDB imeliona faili lako, ila imekataa kulisoma kwa makusudi.

Tangu toleo la 7.5 la mwaka 2012, GDB hailisomi faili la folda uliyomo mpaka njia yake, yaani anwani ya mahali lilipo, iwe kwenye orodha ya zile inazoziamini. Wengi huudhika, mimi naona ni haki, kwa sababu ndani ya .gdbinit mtu anaweza kuandika amri ya shell, yaani amri ya kuiagiza kompyuta yenyewe, na anayekupa mradi wake angeweza kuficha humo agizo la kufuta nyaraka zako, nawe ukalitekeleza kwa kufungua GDB tu.

Basi fungua .gdbinit ya folda yako ya nyumbani, au uiunde kama haipo, kisha uongeze mstari huu, ukiiandika njia kamili:

add-auto-load-safe-path /home/salim/mradi/.gdbinit

Watakuwepo watakaokushauri uandike "set auto-load safe-path /", yaani kuiamini diski nzima. Usikubali, huko ni kung'oa mlango kwa sababu kitasa ni kigumu.

Onyo likibaki palepale, shuku kwamba hata hilo faili la nyumbani halisomwi. Tangu toleo la 11 la mwaka 2021, GDB hutazama kwanza ~/.config/gdb/gdbinit (alama ~ ni folda yako ya nyumbani), na ikilikuta hilo hailigusi tena ~/.gdbinit, hata kama lililokutwa ni tupu. Andika "gdb --help" usome mistari ya mwisho, ambako hutaja mafaili ya kuanzia itakayoyasoma. Ukiiendesha kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, huenda inatazama folda ya nyumbani ya msimamizi huyo (root) badala ya yako. Na ukiifungua kupitia kihariri, hakikisha hakiongezi chaguo la -nx, ambalo huzuia mafaili yote hayo.

Likishaanza kusomwa, kumbuka kwamba kwenye mstari wenye kosa GDB huacha kulisoma faili hapo hapo, na yote yaliyo chini yake hayatekelezwi. Itakutajia faili na namba ya mstari.

Ikiwa bado inagoma, nitumie inachokujibu kwa "show auto-load safe-path" na "info auto-load local-gdbinit", bila kufupisha chochote, pamoja na namba ya toleo lako.

Wako,
Idi