Mwanangu, kabla hujanunua chupa nyingine

Marahaba mwanangu,

Picha ya zile chupa tatu nimeipata, nimevaa miwani nikaikuza kwenye simu mpaka nikasoma lebo zote, omega 3 (yale mafuta kama ya samaki), magnesiamu na hiyo ya mishipa ya fahamu yenye vitamini B6. Unaniuliza mama hizi zitanisaidia na ADHD, yani huku kukosa umakini na utulivu, na huu wasiwasi au natupa hela tu. Sikutaka kukujibu kwa voisi nikiwa sokoni, ndo maana naandika.

Kuna kitu sijawahi kukwambia. Ulipokuwa darasa la tatu, mwalimu anakuita mtundu na madaftari yanapotea kila wiki, alikuja mtu nyumbani na sirapu ya vitamini akasema inatuliza mtoto na kufungua akili. Nikachukua hela ya ada nikanunua. Wiki mbili za kwanza nilikuona kabisa umetulia, nikamuapia baba yako kwamba mtoto kabadilika, wiki ya tatu ukasahau begi zima kwenye daladala. Sikuwa namdanganya baba yako, nilikuwa natamani sana upate nafuu mpaka macho yakaona nilichokuwa naomba.

Sasa mwaka 2022 yalitoka majibu ya utafiti wa Marekani na Kanada, watoto 135 wenye ADHD wa miaka 6 mpaka 12, wengine wamepewa vidonge vya vitamini na madini mengi kwa pamoja, wengine vidonge vitupu vinavyofanana navyo, wiki 8, na hamna anayejua nani kapewa nini. Madaktari walivyowaangalia, kwenye kila 100 waliokula vitamini 54 walikuwa na nafuu, wa vidonge vitupu 18 tu. Ila wazazi walipoulizwa, wa pande zote mbili walisema mtoto kawa afadhali, karibu sawasawa! Nilivyosoma hapo nikaikumbuka ile sirapu. Kwaiyo siwezi kukwambia ni uongo mtupu, hata Nyuzilandi profesa Julia Rucklidge na wenzake waliona nafuu kwa watu wazima 80, majibu yao yalitoka 2014, lakini ule ni mchanganyiko mkubwa, vidonge vingi kwa siku chini ya uangalizi, sio chupa moja moja za kuokota mtandaoni.

Hiyo omega 3 huenda inasaidia umakini kidogo sana au isisaidie kabisa, haifikii dawa yako. Kama hela ipo endelea, kama haipo kula vibua. Magnesiamu kwenye wasiwasi ushahidi wake bado mwembamba, ukizidisha utaharisha.

Kinachonitisha ni B6. Ni kweli Uingereza, chuo kikuu cha Reading, 2022, vijana waliokunywa miligramu 100 kwa siku kwa mwezi hivi wasiwasi ulipungua kidogo. Lakini mwili unahitaji kama miligramu 1.3 tu kwa siku, na dozi kubwa ikiendelea inaharibu mishipa hiyohiyo ya fahamu, unaanza ganzi vidoleni na miguuni, na Ulaya 2023 wameshusha kikomo cha siku kutoka miligramu 25 mpaka 12. Angalia chupa yako ya magnesiamu kwa nyuma, maandishi madogo mstari wa nne, nayo ina B6! Yani unakunywa mara mbili bila kujua. Hiyo ya mishipa iweke pembeni leo.

Alafu kuna jambo linaninyima usingizi kuliko hizo chupa. Uliniambia hedhi inatoka nyingi siku saba, ukipanda ngazi za hosteli moyo unaenda mbio, kizunguzungu, kitabu hakikai kichwani. Upungufu wa madini chuma unaleta hayohayo, mtu anaweza kudhani ni wasiwasi kumbe ni damu. Na ubongo unahitaji chuma kutengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia umakini, ndo hiyohiyo dawa yako ya ADHD inafanyia kazi. Ufaransa walipima watoto mwaka 2004, wenye ADHD 84 kwenye 100 akiba yao ya chuma ilikuwa chini ya nanogramu 30 kwa mililita, wasio nayo 18 tu. Haimaanishi chuma ndo chanzo, ila we una sababu ya kupima.

Nenda hospitali waambie unataka kipimo cha ferritini, yani akiba ya chuma mwilini, sio wingi wa damu peke yake, maana damu inaweza kusoma vizuri na akiba imeisha. Usipime ukiwa na malaria au homa, kiwango kinapanda kwa uongo. Na usinunue vidonge vya chuma famasi kabla ya majibu, mwili hauna njia ya kutoa kilichozidi, ukikutwa umepungukiwa daktari atakupa dozi. Kwa sasa acha chai ya rangi pamoja na chakula, inazuia chuma kuingia, subiri kama saa nzima. Mchicha na maharage kula na chungwa au juisi ya ubuyu.

Dawa yako usiiache mwanangu, hata siku moja, hata huyo muuzaji wa chupa akikwambia vitamini zinatosha. Na hizo chupa mwonyeshe daktari zote tatu, usione aibu.

Hela ya kipimo ntakutumia kesho asubuhi. Majibu yakitoka piga picha karatasi nzima nitumie, hata iwe usiku wa manane, simu sizimi.

Mama