Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kituo Chetu Baada ya Ruzuku

Ndugu wanachama,

Kwa kawaida taarifa hii huanza na misiba, harusi na wageni tuliowapokea. Mwaka huu hayo atayasoma katibu, na hesabu ataeleza mhazini. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja tu: kituo cha televisheni ya umma cha hapa mjini, ambacho wengi wetu tuliotoka Uvira, Bujumbura, Kigoma na Mombasa tulikifahamu kabla hata ya kumfahamu jirani.

Mnajua kilichotokea. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimekwisha kuidhinishwa kwa Shirika la Utangazaji wa Umma, CPB, kwa miaka miwili ya fedha. Seneti ilipitisha kwa kura 51 dhidi ya 48, Baraza la Wawakilishi kwa 216 dhidi ya 213, na Rais Trump akatia saini tarehe 24. Haikupita hata wiki mbili CPB ikatangaza kwamba inafunga shughuli, na Januari 2026 bodi yake ikapiga kura kulivunja kabisa shirika lililozaliwa na sheria ya mwaka 1967. Ukizigawa fedha hizo kwa idadi ya watu wa nchi hii, unapata kama dola 1 na senti 60 kwa kila mtu kwa mwaka.

Wapo wanachama waliosema kikaoni kwamba serikali ikilipia televisheni, televisheni itasema ya serikali. Hoja hiyo naiheshimu. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo redio ya taifa ilisoma kile alichotaka mkubwa. Lakini sheria ile ya 1967 iliikataza serikali kuelekeza vipindi, na zaidi ya senti 70 katika kila dola ya CPB zilikwenda kwenye vituo vya mahali, takriban 1,500 vya redio na televisheni, kila kimoja kikijiamulia kitangaze nini.

Kuna jambo jingine ambalo halikuelezwa vya kutosha, nami nimelielewa kwa kukaa na watu wa kituo. Ruzuku ya CPB kwa vituo ilikuwa na sehemu iliyopanda kadiri kituo kilivyochangisha chenyewe. Kwa hiyo dola uliyotoa wewe ilikuwa inavuta fedha nyingine nyuma yake. Sasa inakwenda peke yake. Kituo cha jiji kubwa, chenye matajiri na wakfu zake, kitayumba kisha kisimame. Kituo cha mahali padogo kitapata wapi?

Tazameni kituo cha KYUK, mji wa Bethel, Alaska, kinachotangaza kwa Kiingereza na Kiyup'ik, lugha ya wenyeji wa huko. Karibu asilimia 70 ya mapato yake yalitoka CPB. Oktoba 2025, mabaki ya kimbunga Halong yalipiga vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok, nyumba zikasombwa na maji, na mamia ya watu wakahamishwa kwa ndege. Kituo hicho kilikuwa kikiwapasha habari wakati huohuo kikihesabu fedha zilizobaki. Sisi tunaojua maana ya kusikia habari ya hatari kwa lugha ya nyumbani hatuhitaji kuelezwa zaidi. Huko Arkansas, Desemba 2025, waliamua kuachana na PBS, mtandao wa kitaifa wa televisheni ya umma, kuanzia Julai 2026, kwa sababu ada yake, kama dola milioni 2.5 kwa mwaka, haikubebeka tena. New Jersey nako, mkataba wa kuendesha NJ PBS, televisheni ya umma ya jimbo hilo, ulipangwa kwisha Juni 30, 2026, na WNET ya New York iliyokuwa ikiiendesha ilisema mwaka 2025 kwamba haitaendelea.

Kituo chetu hakijafungwa. Kimepunguza watu, na kipindi cha kila wiki cha habari za mji kimeondoka. Kijana aliyewafundisha watoto wetu kushika kamera alikuja kuniaga akiwa na boksi moja mkononi, nikakosa la kumwambia.

Nataka mkumbuke usiku wa changizo la kituo, tulipopokea simu za wachangiaji. Tulikuwa wanane kwenye simu, nami nilikaa karibu na dirisha. Akapiga mama mmoja, Kiingereza chake kifupi, nikamjibu kwa Kiswahili akanyamaza kidogo kwa mshangao. Akaniambia hana intaneti nyumbani. Ana antena aliyoibandika dirishani kwa gundi ya karatasi, na ikipoteza picha mwanawe huisogeza upande wa maegesho. Asubuhi wanakaa wote wawili mbele ya vipindi vya watoto, na yeye hurudia maneno kwa sauti pamoja na mtoto. Aliuliza kama dola 3 zinapokelewa. Niliandika 3 kwenye fomu na mkono ulikuwa unanitetemeka.

Chama chetu tumekuwa tukitoa mara moja kwa mwaka, kwa shangwe na picha, kisha tunasahau hadi mwaka unaofuata. Naliona hilo kuwa kosa, na mimi kama mwenyekiti nililiongoza. Kituo kinalipa umeme wa mnara kila mwezi. Hakiwezi kupanga mishahara kwa ahadi ya sherehe.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo hili: kila kaya inayoweza ijiandikishe dola 5 kwa mwezi, zikatwe moja kwa moja benki, na ziende kwa kituo chenyewe, si kwa ofisi ya kitaifa. Asiyeweza tano atoe anachoweza. Asiyeweza kabisa atoe saa mbili za simu. Wasiokubaliana na pendekezo, tafadhali semeni leo hapa ukumbini, maana tutapiga kura kabla ya chakula.

Fomu ziko mezani kwa katibu, za Kiswahili, Kifaransa na Kirundi. Zamu ya simu inaanza Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa kumi na moja jioni. Nahitaji watu kumi na wawili, na mpaka sasa nina majina saba.