Nimekula mbuzi wa mwalimu wangu kwa kura ya wizi, nifanyeje?

Anti shikamoo, na wasomaji wenzangu habari za saa hizi. Najua hapa watu wanaleta mambo ya ndoa na mirathi na mawifi, yangu mimi ni ya nyimbo, naomba msinicheke kabla hamjamaliza kusoma, mkimaliza chekeni tu.

Nina miaka 36, mke mmoja watoto wawili, nipo Dodoma mjini, nina kibanda cha kutengeneza simu na miamala upande wa Sabasaba. Na napenda rock. Ndio, Mgogo anayependa rock, hilo swali nimeulizwa hadi nimechoka, nikifungulia spika pale kibandani yule mama wa mbogamboga jirani yangu ananiambia leo tena umewasha mashine ya kusaga. Huu ugonjwa niliambukizwa na mwalimu wangu wa fizikia sekondari, nitamwita Mwalimu tu, alikuwa na redio kaseti moja kubwa kwenye nyumba za walimu, sisi tukienda kumchotea maji Jumamosi anatuwekea Queen, Scorpions, Dire Straits, alafu anaelezea kama yuko ubaoni, sikilizeni hapo gitaa linaingia, hapo besi, nyie mnasikia kelele mimi nasikia mawimbi. Wenzangu walikuwa wanasubiri soda, mimi nikabaki na gitaa kichwani mpaka leo.

Basi miaka kadhaa nyuma tukafungua grupu la WhatsApp la wapenda rock, mimi ndo admini, Mwalimu yumo, kuna vijana wa chuo kikuu cha UDOM, dereva wa lori mmoja wa Mpwapwa, kaka mmoja wa Unguja, na wengine. Namba zilizomo ni 23. Hiyo 23 ishikeni.

Kazi ya grupu ni kubishana tu. Nani namba moja, nani kabebwa na video, nani ni rock na nani ni kelele. Kuna aliyeleta Kenny Rogers akaambiwa hiyo kantri apeleke kwa wachungaji wenzake, akanuna wiki nzima. Kijana mmoja wa UDOM yeye ni Linkin Park asubuhi mchana jioni, akiweka In the End wazee wanamwambia hiyo ni Bongo Fleva ya wazungu, yule mtoto analia kabisa kwenye voisi noti anasema Chester mwimbaji wao amekufa 2017 na nyie bado mnamtukana. Siku moja dereva wa lori akaweka marimba ya Hukwe Zawose, tukamcheka wote na mimi nikiwemo. Akatuuliza, hivi mnajua huyu mzee wa Kigogo alirekodi Real World, kampuni ya Peter Gabriel yuleyule aliyekuwa anaimba Genesis, na 2002 akatoa albamu na mpiga gitaa Michael Brook, nyie na gitaa zenu za kwenye simu mmetoa nini? Grupu likanyamaza kama dakika ishirini. Mimi mwenyewe Mgogo na nilikuwa sijui, aibu ilinishika.

Mwaka huu tukasema tuache kelele tufanye mtoano kama kombe la mpira, nyimbo 16, mbili mbili, mshindi anasonga. Kura za WhatsApp zinaonyesha nani kapigia nini, watu wakawa wanafuata mkumbo, Mwalimu akipiga na wanafunzi wake wa zamani wote nyuma, kwa hiyo tukakubaliana kila mtu anatuma kura kwangu inbox mimi najumlisha natangaza. Wakaanza kuniita Tume.

Mtoano ulikuwa mtamu jamani. Smells Like Teen Spirit ya Nirvana imetolewa raundi ya kwanza na Wind of Change, 15 kwa 7, bado inaniuma ila ndo Tanzania yetu, kile kimluzi cha Scorpions ukikipiga hata kwenye daladala kuna mtu atakiitikia. November Rain nayo ikaenda, watu wanalalamika karibu dakika 9 inakula bando. Hotel California ikafika nusu fainali. Fainali zikabaki mbili, Bohemian Rhapsody ya Queen, hiyo ya Mwalimu, na Comfortably Numb ya Pink Floyd ambayo ni yangu, ni yangu kabisa, hakuna mtu mwingine aliyeipendekeza. Hapo ndo mimi na Mwalimu tukawekeana dau la mbuzi mbele ya grupu zima, ambaye wimbo wake utafungwa ananunua mbuzi watu wale, ikitoka sare tunanunua wote nusu kwa nusu.

Wiki ile sikufanya kazi ya maana. Mwalimu akishuka anashuka na hoja, anasema Brian May, mpiga gitaa wa Queen, lile gitaa lake alilitengeneza na baba yake kwa mikono, shingo yake ni mbao iliyotoka kwenye mahali pa kuotea moto pa zamani, na analipiga kwa sarafu badala ya piki, alafu 2007 akarudi kumalizia udaktari wake wa falaki aliokuwa ameuacha kwa ajili ya bendi. Kwa mwalimu wa fizikia huyo ni mtume. Akasema tena pale kwenye kwaya ni watu watatu tu wa bendi, Freddie Mercury mwimbaji wao, May na Roger Taylor wa ngoma, wamejirudia kwenye tepu hadi unasikia kanisa zima. Kaka wa Unguja yeye hoja yake moja tu, Freddie kazaliwa Mji Mkongwe 1946, ni wetu, na mule ndani ametaja Bismillah, mnataka nini tena. Hapo ndo nilikuwa napandwa na hasira, maana kura za uzawa mimi sizitaki, kama ni uzawa tungempa mzee Zawose tukalale.

Mimi nikawaambia solo, pale gitaa linapobaki linaongea lenyewe. Mle kwenye Comfortably Numb kuna solo mbili za David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd, ya kwanza fupi inakubembeleza, ya pili iko mwisho na hiyo haibembelezi, inapanda inapanda, unadhani imefika kumbe ndo kwanza, na wimbo unafifia yeye bado anapiga. Niliisikia vizuri mara ya kwanza usiku mmoja umeme umekatika, nimefunga kibanda nimekaa kwenye ndoo, hedfoni za mteja masikioni nazijaribu kama zimepona. Nikasahau kwenda nyumbani. Nikawawekea na tamasha la Live 8 la 2005 London, wale wanne wa Pink Floyd baada ya miaka 24 hawajapanda jukwaani pamoja, wakafungia na huo. Mwalimu akajibu na Queen kwenye tamasha la Live Aid la 1985, nikaona huyu mzee ana risasi nyingi kuliko mimi.

Sasa usiku wa kuhesabu. Saa nne nimekaa kitandani na daftari, najumlisha, 11 kwa 11. Nikarudia. 11 kwa 11. Watu 22 wote wamepiga. Lakini namba si ni 23? Ile ya 23 ni line yangu ya pili, niliiingizaga humo kipindi simu yangu kubwa imekufa kioo, imesevika kwa jina la duka, na watu wote wanajua ni mteja wangu fulani mkimya. Nikaiangalia ile namba. Nikajiambia imo kwenye grupu, haijapiga kura, ni haki yake. Nikachukua ile simu ndogo, nikajitumia mwenyewe ujumbe "Pink Floyd", ukaingia huku kwenye simu kubwa ti ti, mke wangu akageuka akaniuliza unachat na nani saa hizi, nikamwambia na mimi. Nikatangaza 12 kwa 11.

Kaka wa Unguja aliwaka, akatuma voisi noti dakika nne, akatoka kwenye grupu. Wengine nao wakaanza minong'ono. Aliyewanyamazisha ni Mwalimu mwenyewe, aliandika, "Matokeo ni matokeo, huyu kijana nimemfundisha mimi, namwamini."

Jumamosi iliyofuata tukaenda mnada wa Msalato, Mwalimu akanunua beberu la 130,000, bila kinyongo, akapatana bei mwenyewe. Likachinjwa likachomwa palepale. Nyama ilipokuja kwenye sinia akaomba kisu, akatafuta ubavu wenye mafuta, akaukata, akauchovya kwenye chumvi na pilipili akaniwekea mkononi kabisa, akasema kula bingwa, umenifunga kihalali. Anti, nilikula. Ulikuwa mtamu na nilikula na mwingine.

Ingeishia hapo labda ningesahau. Ila wiki mbili zilizopita mke wake alikuja kibandani kutoa hela, nikamwamkia, tukacheka cheka, akasema mwanangu nyimbo zenu zimetunyima simtank, hela ilikuwa imebaki kidogo tu tuchukue la lita 2000, baba akaipeleka kwa mbuzi, sasa maji ya mgao tunakinga kwenye madumu. Alisema kwa utani, hana habari. Tangu siku hiyo nikiona dumu la njano tumbo linakoroga.

Mke wangu nimemwambia ukweli, anasema kaa kimya mbuzi ameshaliwa, utamtapika? Mshkaji wangu mmoja anasema ninunue mbuzi mwingine kimyakimya nisingizie bethdei ya mtoto. Lakini mbuzi hajazi simtank, na nikimpelekea hela mkononi ataniuliza ya nini. Nikisema kwenye grupu zima, yule wa Unguja atarudi na grupu halitapona, na kanafasi ka Tume kwaheri, hata hako nako nakapenda, sifichi.

Alafu juzi ndo nimechoka kabisa. Raundi mpya inaanza, Mwalimu kanitumia listi yake ya nyimbo 16. Namba moja kaweka Comfortably Numb. Kaandika chini yake, "Nimeirudia mara tatu kwa hedfoni usiku, ulikuwa na haki, ile solo ya pili sikuwa nimeisikia vizuri miaka yote hii." Sasa Anti, nikimwambia niliiba, si atadhani na solo yenyewe nimemwibia?

Nimwambie peke yake nyumbani kwake, au nimlipe kwanza nusu ya mbuzi ndo niseme, maana kwa sheria yetu sare nilikuwa nadaiwa 65,000? Na kombe lenyewe, niliache Pink Floyd au nitangaze sare? Jumamosi tunakutana tena Msalato, nijibuni kabla.

Tume, Dodoma