Baba Yetu kwa sauti moja

Arusha

Mpendwa rafiki yangu,

Tumsifu Yesu Kristo! Nimeanza na salamu ya kwenu Wakatoliki. Nawe siku ya ibada ya pamoja ukisimama mbele ya watu hapo Moshi, anza na hiyo, kisha toa na ya kwetu Waprotestanti, "Bwana Yesu asifiwe", ili kila mtu aitikie alivyozoea.

Nimefurahi mno kusikia mmekabidhiwa ibada ya Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo, 18 hadi 25 Januari. Masomo na sala za wiki hiyo huandaliwa kwa pamoja na Vatikani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni tangu 1968, kwa hiyo utaratibu upo. Kinachobaki ni vinywa vya watu, na hapo ndipo ibada nyingi za pamoja huharibikia: kwenye Baba Yetu.

Mtakwenda vizuri hadi "jina lako litukuzwe". Ghafla ninyi mnasema "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", sisi tunasema "ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe". Sauti zinashuka, kila mmoja anamsikiliza jirani. Ninyi mnaomba mkate, sisi riziki. "Utuopoe maovuni" inagongana na "utuokoe na yule mwovu", halafu ninyi mnaitika Amina wakati sisi ndiyo kwanza tunaingia "kwa kuwa ufalme ni wako". Umeyasikia haya makaburini mara ngapi! Ukoo mmoja, shangazi wa Kibosho ni Mkatoliki, mjomba wa Machame ni Mlutheri. Mapadre wa shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema 1890, Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, wakaingia Machame 1893, na kwa sehemu kubwa mtu akawa wa dhehebu lililofika kwanza mtaani kwao. Inaniuma kwamba ndugu wa damu hawawezi kumaliza sala ya Bwana pamoja juu ya jeneza la mama yao.

Basi chagueni maneno ya kanisa linalowakaribisha, yote, msichanganye nusu kwa nusu. Yachapeni kwa herufi kubwa, mstari mmoja kwa kila ombi, na mwisho wa utukufu, ule wa "kwa kuwa ufalme ni wako", uwemo. Wakatoliki mnautamka kwenye Misa baada ya sala ya padre, kwa hiyo si mgeni kwenu. Aongoze mtu mmoja kwenye kipaza sauti, polepole. Kwaya zote zifanye mazoezi ya sala hiyo kama zinavyofanya wimbo, maana kusanyiko hufuata kwaya. Nyimbo nazo chapeni maneno. Namba hazifanani kati ya kitabu na kitabu.

Iwe ibada ya Neno. Padre haruhusiwi kuadhimisha Ekaristi pamoja na mchungaji wetu, na kuweka meza mbili pembeni kungewatenganisha watu palepale walipokuja kukutana. Somo lisomwe kutoka Biblia Habari Njema, iliyotafsiriwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, na lisiwe kutoka Sira wala Hekima, ambavyo wengi wetu hatuna katika Biblia zetu.

Kuhusu kurudia ahadi za ubatizo: mkiwa Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana, fanyeni, tena kwa furaha, kwa kuwa ubatizo wa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu tunautambua wote. Wapentekoste wakiwepo, acheni. Kwao aliyebatizwa mchanga bado hajabatizwa, na kumnyunyizia maji mtu wa imani hiyo ni kumweka njia panda mbele ya wenzake.

Jumamosi mchana muiepuke kwa ajili ya Wasabato. Jumapili saa tisa alasiri inawafaa wengi. Sadaka iamuliwe mapema inakwenda wapi, ihesabiwe na watu watatu wa makanisa matatu.

Nitumie karatasi ya sala kabla haijaenda kuchapwa. Nataka kuona mstari wa "ufalme wako" mmeuandikaje.

Rafiki yako