Malalamiko: kimea kilichoparazwa kuuzwa bila tarehe ya kuparazwa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

YAH: KIMEA CHA SHAYIRI KILICHOPARAZWA NA KUUZWA KIKIWA KIMENYONYA UNYEVU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu kwa mwaka wa nne sasa. Napika bia nyumbani, lita 23 kwa kila mara, na kimea changu chote nimekuwa nikinunua kwenu. Sijawahi kuwaandikia barua ya namna hii. Naiandika leo kwa sababu jibu nililopewa na mhudumu wenu kwa simu limeniuma kuliko hasara yenyewe.

Kwa kawaida nanunua kimea kizima na kukiparaza mwenyewe, yaani kuvunja punje bila kuzifanya unga, asubuhi ya siku ya kupika. Safari hii kinu changu kilikuwa kimeharibika, nikaagiza kilo 10 za kimea cheupe na kuomba mniparazie. Nilipanga kupika mara mbili katika wiki mbili zinazofuatana, kilo 5 kila mara. Mzigo ulifika jioni, na kesho yake asubuhi nikaufungua.

Mfuko ulikuwa wa karatasi, umeshonwa kwa uzi juu, bila nailoni ndani. Chini kwenye kona moja kulikuwa na bonge kubwa kama ngumi, limeshikamana na lina rangi ya kijivu. Nililitoa pamoja na kimea chote kilicholizunguka, nikakitupa. Kilichobaki hakikuwa na uvundo. Hakikuwa na harufu yoyote, na hilo ndilo lililopaswa kunishtua, maana kimea kipya kikivunjwa hunukia hadi sebuleni. Nikaokota punje chache zilizoponyoka kinu na kuzitafuna. Punje ya kimea kikavu hupasuka kwa mlio ikikutana na meno. Hizi zilibonyea tu.

Hata hivyo nilipika, kwa sababu niliiamini tarehe. Mfuko wenu umeandikwa kwamba kimea kitafaa kutumika kwa miezi minane ijayo.

Mapishi haya nimeyarudia mara tisa bila kubadilisha kitu: kilo 5, maji ya nyuzi 66, dakika 60, kisha kukamua na kuchemsha. Mara zote haidromita, kifaa kinachoonyesha wingi wa sukari iliyotoka kwenye kimea, imenipa 1.049, ikipanda au kushuka kwa pointi moja. Safari hii ilisoma 1.044. Nikapima tena baada ya kupooza vizuri, ikabaki palepale.

Usiku uleule nilipima gramu 100 za kimea chenu kwenye mizani ya jikoni, nikakitandaza kwenye sinia na kukiweka ndani ya oveni kwa nyuzi 105 kwa muda wa saa tatu. Kilitoka kikiwa gramu 89. Pembeni yake niliweka gramu 100 za kimea kilekile, kizima, nilichonunua kwenu miezi mitano iliyopita na kukifungia ndani ya ndoo yenye mfuniko wa mpira. Hicho nilikitwanga kidogo kwanza ili kikauke sawasawa. Kilitoka kikiwa gramu 95 na ushei. Mizani yangu si ya maabara, lakini tofauti hiyo haihitaji maabara. Kimea kikitoka kiwandani huwa na unyevu wa asilimia 4 au 5 hivi. Chenu kilikuwa na asilimia 11. Maana yake katika kilo 10 nilizolipia, zaidi ya kilo moja ilikuwa maji.

Nilipopiga simu kueleza haya, mhudumu aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba kimea ni nafaka kavu, hakiharibiki, na kwamba tarehe ya mfuko bado haijafika. Hapo ndipo penye tatizo, Ndugu Meneja. Tarehe ile ni ya kimea kizima. Mmekibandika kimea kilichovunjwa umri wa kimea ambacho hakijavunjwa, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Punje nzima ina ganda lake. Ganda hilo huzuia hewa na kupunguza kasi ya unyevu kuingia, na ndiyo maana kimea kizima kikiwekwa mahali pakavu na pa baridi hukaa hata mwaka mmoja kikiwa bado kinafaa. Mkikiparaza, mnafungua kila kitu kilichokuwa kimefichwa. Wanga unabaki wazi, nao hunyonya unyevu wa hewani kama sponji. Mafuta kidogo yaliyomo kwenye punje, hasa kwenye kiini, yanakutana na oksijeni, na kuna vimeng'enya vya shayiri yenyewe vinavyoharakisha mafuta hayo kuharibika. Matokeo yake hayaonekani siku ya kupika. Huja baadaye, ndani ya chupa, kama ladha ya karatasi iliyolowa. Unyevu na joto pia hudhoofisha polepole vile vimeng'enya vingine tunavyovitegemea kugeuza wanga kuwa sukari.

Kwa sababu hizo, wapikaji wengi hutumia kimea kilichoparazwa ndani ya wiki mbili hivi. Kikifungiwa kwenye mfuko usiopitisha hewa na kuwekwa mahali pa baridi, kinaweza kuvumilia miezi miwili au mitatu. Ndani ya karatasi iliyoshonwa kwa uzi, na kwenye ghala lenye unyevu, sidhani kama kinafika huko. Na mimi sikuwa na njia ya kujua kilikaa kwenu siku ngapi, kwa sababu tarehe ya kuparazwa haikuandikwa popote: si kwenye mfuko, si kwenye risiti.

Nina sababu nyingine ya kuamini kwamba kilikaa. Siku iliyofuata nilichekecha zile kilo zilizobaki, nikapata wadudu wawili wadogo wekundu-kahawia, na magamba ya viwavi waliojivua ngozi. Hawakuwa fukusi. Fukusi hutoboa punje nzima na kutaga yai ndani yake. Hawa wekundu hufuata unga na chenga, kwa sababu punje nzima na ngumu huwashinda. Hata penye joto zuri, yai lao huchukua takribani mwezi mzima kufikia mdudu kamili. Inawezekana walihamia kutoka mfuko wa jirani, sikatai. Lakini mahali walikotoka palikuwa na nafaka iliyovunjwa muda mrefu.

Bia yenyewe niliiacha ichachuke kwa wiki mbili, nikaitia kwenye chupa na kusubiri wiki mbili nyingine. Nimeionja juzi pamoja na kaka yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Hakusema neno. Aliinusa glasi, akanywa funda moja, akaiweka mezani na kuniuliza kimea nilikihifadhi wapi. Yeye alidhani uzembe ni wangu. Ladha ya karatasi ilikuwepo tayari, tena ilikuwa ya kwanza kufika ulimini. Chupa zaidi ya 40 nimezimwaga. Siku nzima ya kupika, hamira, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), gesi na mwezi mmoja wa kungoja vyote vimeondoka nazo.

Nataka mtazame pia jinsi mnavyofungasha hopsi. Katika mzigo uleule, hopsi zilikuja ndani ya pakiti ya foili iliyotolewa hewa, na imeandikwa mwaka wa mavuno. Kwa hiyo mnajua vizuri kabisa oksijeni inafanya nini, na mnajua mteja anahitaji kusoma nini juu ya pakiti. Kimea kilichovunjwa kinastahili uangalifu huohuo.

Ninachoomba kwanza ni haki yangu: nirudishiwe fedha za kilo zote 10 pamoja na usafirishaji, au niletewe kilo 10 za kimea kizima. Msiniparazie tena, kinu changu kimeshatengenezwa. Lakini fedha zangu peke yake hazitamsaidia mteja mwingine anayeagiza leo. Naomba kila mfuko wa kimea kilichoparazwa uandikwe siku kilipoparazwa, na tarehe ya mwisho ihesabiwe kuanzia siku hiyo. Kiparazwe baada ya oda kuingia, na kisichotoka kisirudishwe rafuni kusubiri mnunuzi mwingine. Mfuko uwe wa kufungwa kwa moto, usiopitisha hewa wala maji. Na wahudumu wa simu waelezwe tofauti ya kimea kizima na kilichovunjwa. Yule niliyezungumza naye hakuwa na dharau. Alisoma tu kile mlichomwandikia. Mpikaji anayeanza angemwamini, akadhani hajui kupika, na pengine akaacha kabisa.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za mfuko pande zote mbili, picha ya zile sinia mbili kabla na baada ya oveni, na picha ya wadudu. Kimea kilichobaki, chini kidogo ya kilo 5, nimekifunga kwenye ndoo kando na vyombo vyangu vya kupikia. Mkitaka kukipima wenyewe nitawatumia, mradi usafirishaji ulipiwe na ninyi.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii.

Wenu,
Mteja wenu (namba ya oda imo kwenye risiti)