Saba Saba imepita, shoga, tuulizane

Tanga, 8 Julai

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Habari za masiku? Watoto hawajambo? Shemeji je? Huku sote wazima wa afya. Mama anakusalimu, anauliza mbona siku hizi humpigii. Na mimi nauliza hilohilo. Tangu Idi umenyamaza, na ukipiga ni haraka haraka, "nitakupigia baadaye shoga", kisha kimya. Sikulaumu, najua mambo ya Dar yalivyo. Ila safari hii nina jambo ambalo simu yako ya mbio haitalitosha, ndiyo maana nimeliandika na kulifunga pamoja na gauni lako. Lijaribu kwanza kabla hujaendelea kusoma. Kiunoni nimeacha nafasi, likikupwaya mpe fundi wa jirani atabana, usisubiri mpaka uje.

Haya. Jana Saba Saba sikufungua duka. Nilitoa ule ukurasa tulioandika kwako Chanika usiku wa kuamkia mwaka mpya, yako juu, yangu chini, huku Mama Shufaa akitucheka kwamba mipango ya Januari haivuki Februari. Nikakaa nao kibarazani na kalamu. Yangu yalikuwa manne, unayakumbuka? Mtihani wa kidato cha nne. Hisa tano kila wiki kwenye kikoba, kile chama chetu cha akiba na mikopo. Kutembea jioni mpaka Raskazone na kurudi. Na Pangani kumwona shangazi kila mwezi.

Matembezi nimeyakata. Saa ya kutembea ndiyo saa ya masomo, na siwezi kuwa sehemu mbili. Pangani nimemwambia shangazi mwenyewe kwamba nitampigia kila Ijumaa, na mwezi Desemba nitakwenda nikae naye hasa, si ile ya kwenda asubuhi na kugeuza jioni. Amefurahi, anasema afadhali hivyo kuliko kumletea mkate na kuondoka. Hisa nimeshuka hadi mbili, mpaka Novemba. Hilo nililisema kikaoni mbele ya wote, nikawaeleza na sababu. Kuna walioguna, unawajua. Lakini sanduku lina makufuli matatu na ufunguo mmoja ninao mimi, kwa hiyo kikao sikosi hata nikinunua hisa moja, na mkopo sidaiwi. Wamekubali.

Uliobaki ni mtihani. Huo haukatwi wala haupunguzwi.

Mwanaidi, matokeo ya QT, ule mtihani wa kufuzu kufanya kidato cha nne, yalipotoka Januari ulipiga vigelegele kwenye simu mpaka mwanao akaamka. Mimi niliyeishia darasa la saba, kwenye karatasi imeandikwa nimefaulu! Tangu siku ile sijalala vizuri, kwa furaha kwanza, halafu kwa hesabu. Masomo mengine yananikubali. Kiswahili na Uraia sina wasiwasi, Biolojia naipenda kabisa, sura ya usafirishaji wa damu ningeweza kukusimulia hapa hapa. Hesabu ndiyo imenikalia kooni. Karatasi yake ina maswali 14 kwa saa tatu, kumi ya mwanzo yana alama sita sita, manne ya mwisho kumi kumi. D inaanzia 30, C inaanzia 45. Nataka C. Mwalimu ananiambia D inatosha kwa mtu wa rika langu anayefanya kazi mchana kutwa, na mimi namheshimu sana, lakini kwa hilo sikubaliani naye. Nilipoulizia ile kozi ya ualimu wa ufundi kule Morogoro, kitu cha kwanza walichotaka ni cheti cha kidato cha nne. Si ujuzi wa kushona, si miaka niliyokaa kwenye cherehani. Cheti. Basi kama ni cheti, nataka cha kuwekea kichwa juu.

Na tumechelewa, maana kile kituo cha kwanza nilicholipia ada kilifunga mlango mwezi Aprili. Tulifika jioni tukakuta kufuli na mlinzi hajui lolote, na pesa zetu hazijarudi mpaka leo. Inaniuma kwa sababu tulikuwa na mabinti pale waliorudi kusoma baada ya kuzaa, wamekopa ili walipe. Wawili sijawaona tena. Mmoja nimemleta kwa mwalimu wangu wa sasa, mstaafu mmoja wa Chumbageni anayetufundisha sebuleni kwake. Binti huyo anakuja na mtoto mgongoni, na kwenye vekta ananipita mbali.

Nikueleze kisa cha boga. Tulikuwa kwenye mada ya dunia kama tufe, latitudo na longitudo, na kwenye karatasi ilikuwa haiingii. Nikachukua boga la Mama jikoni, nikalizungushia uzi wangu mwekundu wa kushonea ukawa ndiyo ikweta, nikachoma pini moja pawe Tanga na nyingine chini yake pawe Dar. Tanga iko nyuzi 5 na dakika 4 kusini, Dar nyuzi 6 na dakika 48, na longitudo yetu ni moja tu, ya 39 mashariki, na hizo dakika zinazozidi hapa na pale. Toa. Inabaki nyuzi 1 na dakika 44. Kila nyuzi moja ni maili 60 za baharini, yaani kila dakika ni maili moja, basi mimi na wewe tumeachana maili 104, karibu kilomita 190! Kwa basi la Segera na Chalinze ni zaidi ya 300. Nilifurahi kama niliyekuona. Sasa Mama akaingia jikoni, akakuta boga lina pini mbili na uzi mwekundu umefungwa katikati, akapiga ukelele nyumba nzima ikajaa majirani. Anaamini kuna mtu katutupia mambo. Kumweleza latitudo ilichukua jioni nzima, na boga lenyewe hakulipika, kalitoa nje.

Msahihishaji wangu ni mtoto wa kaka Hatibu, yule wa kidato cha tatu. Ana kalamu nyekundu na uso wa ukaguzi. Nikimpa jibu tupu ananirudishia daftari: "Shangazi, onyesha njia!" Nikionyesha njia, anatia vema, halafu anaomba mia tano ya maandazi. Nampa. Bila yeye logarithimu zingenishinda mwezi Mei.

Nimerudi tena kwenye hesabu, samahani, lakini ndiyo iliyonijaa kichwani. Nilichotaka kukwambia ni hiki. Nilipokata yale mengine jana, sikujisikia vibaya hata kidogo. Januari tuliandika kama watu wenye mwaka mzima mbele na wasiouguliwa, wasiofiwa, wasiopandishiwa kodi. Sasa tumeshajua mwaka huu una sura gani. Mimi nina miezi minne mpaka Novemba, na naijua kwa majina: hii ya tufe na trigonometria, Agosti takwimu na probabiliti, Septemba matriki na ile ya kutafuta faida kubwa kwa grafu, Oktoba ni karatasi za miaka ya nyuma tu. Ule ukurasa ulikuwa unanitazama kwa macho manne. Sasa una jicho moja.

Ndiyo nikasoma na upande wako. Nyumba ifike lenta kabla ya Saba Saba. Kuacha sukari kwenye chai, kwa sababu ya yale vipimo viliyoyasema. Na kuzungumza na kaka yako kuhusu kile kiwanja cha marehemu baba. Mwanaidi, nadhani kimya chako kinatoka hapo. Kama nyumba haijafika lenta si aibu, hasa mbele yangu. Niambie imefika wapi. Kama ni msingi, ni msingi, na tofali zilizofyatuliwa hazitaoza. Ningekuwa wewe ningeisimamisha nyumba mpaka mvua za vuli zipite, nikashika sukari kwanza, kwa kuwa sukari haingoji. Kiwanja nacho... hilo tutalisema uso kwa uso, barua inaweza kusomwa na mtu.

Sasa ombi langu, na nakuomba kwa dhati. Novemba mitihani ikianza, duka litabaki na Mama, na goti lake unalijua. Na ndio wakati wazazi wanaanza kuleta oda za sare za Januari. Mteja akikuta kufuli mara mbili, ameshahamia kwa mwingine. Nahitaji mtu wa kupokea oda, kupima watoto na kukata. Kushona nitashona usiku. Wewe na mimi tulifundishwa mkasi na fundi mmoja, kipimo chako ni kipimo changu, hakuna mwingine ninayeweza kumwachia vitambaa vya watu. Njoo ukae nami mpaka karatasi ya mwisho. Nauli nitatuma, na hela ya kazi nitakulipa, usinikatalie hiyo. Njoo na mdogo, huyo mkubwa abaki na baba yake na shule. Tukishamaliza, tunakwenda wote Pangani kwa shangazi.

Utaweza? Shemeji atakubali, au nimpigie mwenyewe? Ulirudi lini mara ya mwisho kupima, na walikwambia nini? Unameza zile dawa au umeziacha kabatini? Chai je, bado unatia vijiko vile vile? Nyumba iko wapi sasa, na fundi ni yule yule wa mwanzo au umembadilisha? Kaka yako amepiga? Na yule binti wa Mama Shufaa, ni kweli kaolewa Muscat bila hata kutuaga? Zile jedwali za hesabu alizokuwa nazo mwanao mkubwa bado anazitumia? Kama hazitumii nipe kwa basi la Jumamosi, zangu zimechanika ukurasa wa kosaini.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi kuhusu Novemba, ili nikikosa wewe nijue mapema. Ukiona uvivu kuandika, nirekodie sauti, hata ndefu, nitaisikiliza nikiwa napindisha mapindo.

Wasalaam,
Shogayo Zuhura

Gauni nimelitia mfuko wa pembeni ndani ya mshono, ule ulioniomba. Usiuonyeshe, atakuibia mtindo jirani.