Anayekupa modi bure hajakuuzia kitu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye hivi majuzi aliwaita watengenezaji wa modi za michezo ya kompyuta watu wazembe. Sababu ya ghadhabu yake, kama nilivyomwelewa, ni kwamba modi aliyoizoea iliacha kufanya kazi mara tu toleo jipya la mchezo lilipotoka, na mwenye modi akakaa wiki tatu bila kuirekebisha wala kusema lolote. Namwonea huruma kwa mchezo wake ulioharibika, kwa kuwa nami yamenikuta hayo hayo mara nyingi. Lakini aliandika pia kwamba wachezaji wana haki ya kuhudumiwa kwa wakati, na neno hilo la haki, lililotajwa pasipo kusemwa anayedaiwa ni nani, ndilo lililonifanya nikae niandike.

Kwa wasiocheza, modi ni nyongeza au mabadiliko ambayo wachezaji wenyewe huyatengeneza juu ya mchezo uliokwisha kuuzwa: ramani mpya, tafsiri ya lugha, kanuni tofauti, au marekebisho ya hitilafu ambazo kampuni iliziacha. Wengi wanaoifanya kazi hiyo hawalipwi, na wanaifanya usiku, wakishamaliza shughuli zinazowalisha. Wala si kazi ya pembeni katika historia ya michezo hii. Mchezo wa risasi wa Counter-Strike ulianza mwaka 1999 kama modi ya mchezo mwingine, Half-Life, iliyobuniwa na vijana wawili, kabla Valve, kampuni yenye Half-Life, haijaichukua mwaka uliofuata. Na Dota, iliyozaa aina nzima ya michezo ya timu za watu watano watano, ilichipuka katika ramani zilizotengenezwa na wachezaji wa mchezo wa Warcraft III.

Mimi mwenyewe natunza modi moja ndogo isiyojulikana na wengi. Kazi yake ni kukuza herufi za menyu na za maelezo katika mchezo mmoja wa vita, ili watu wenye uoni hafifu waweze kusoma bila kubandika uso kwenye skrini. Niliitengeneza kwa ajili ya kaka yangu, nikaona si vibaya kuwapa na wengine. Kila toleo jipya la mchezo huo linapotoka, vipimo vya menyu hubadilika, nami hulazimika kufungua faili moja baada ya jingine, kubadili namba, kuwasha mchezo, kutazama, kuzima, na kurudia tena. Ni kazi ya kuchosha na haina hata chembe ya ufundi wa kujivunia.

Toleo la mwisho lilipotoka, nilikuta ujumbe kumi na moja asubuhi yake. Nitanukuu miwili, kwa kuwa tofauti yake inaeleza mambo kuliko ninavyoweza kuyaeleza mimi. Wa kwanza ulisema: "Mbona modi yako imekufa? Irekebishe leo, kesho nimewaalika wenzangu tucheze." Nilimwuliza mwandishi wake anatumia toleo gani na ni menyu ipi iliyoharibika, akanijibu kwamba kujua hayo ni kazi yangu. Wa pili ulisema: "Pole na kazi. Tangu toleo jipya, herufi za menyu ya silaha zinatoka nje ya kisanduku, ila menyu nyingine ziko sawa. Skrini yangu ni ya 1366 kwa 768. Naambatanisha picha na faili la kumbukumbu." Kwa ujumbe huo wa pili niliiona kasoro katika muda wa robo saa: upana wa kisanduku kile niliuandika kwa namba isiyobadilika, badala ya kuupima kwa sehemu ya upana wa skrini, kwa hiyo wenye skrini kubwa kama yangu wasingeliona tatizo kamwe. Watu wote wawili walikuwa na shida ile ile, na wote walilalamika. Sina ugomvi na malalamiko. Bila malalamiko modi hufa kimya kimya.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini wa kwanza aliandika alivyoandika, na sidhani kwamba ni utovu wa malezi tu. Kwanza, modi hukaa kwenye ukurasa wenye kitufe cha kupakua, nyota za kupigia alama na idadi ya waliopakua, yaani kila kitu ambacho duka la mtandaoni linacho isipokuwa bei, basi mtu huingia na adabu za mteja mahali pasipo na muuzaji. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, mchezaji huyo kweli ana dai halali, ila amelipeleka mlango usiohusika. Mchezo aliununua. Kampuni iliyomuuzia ndiyo iliyouacha na herufi ndogo zisizosomeka, na ndiyo iliyotoa toleo jipya bila kuwatahadharisha wenye modi. Lakini ukiiandikia kampuni unajibiwa na mashine, na wakati mwingine hujibiwi kabisa, ilhali mtengenezaji wa modi hujibu yeye mwenyewe, kwa jina lake, usiku ule ule. Kwa sababu anapatikana, anabebeshwa deni la asiyepatikana. Na hapo ndipo shukrani ya punda inapokuwa mateke: anayejibu zaidi ndiye anayetukanwa zaidi.

Kuna hoja inayorudiwa sana katika mabishano haya, kwamba kama mtu hataki lawama aache kujitolea, au basi auze kazi yake tujue moja. Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa. Aprili 2015, Valve na Bethesda, kampuni yenye mchezo wa Skyrim, waliruhusu modi za mchezo huo ziuzwe katika Steam, duka la mtandaoni la Valve, mtengenezaji akipata asilimia 25 ya bei na kampuni hizo zikichukua iliyobaki. Mpango ulifutwa baada ya siku chache kwa sababu ya makelele ya wachezaji. Baadhi ya hoja zao zilikuwa nzito: mgawo wenyewe ulikuwa mdogo, modi nyingi hujengwa juu ya kazi za watu wengine, na ilihofiwa kwamba wajanja wangeuza wasichokitengeneza. Lakini palikuwa pia na waliokasirika kwa sababu tu walizoea kupata bure, nao hao ndio ambao siku za kawaida huhesabu siku za kuchelewa kwa marekebisho. Yaani mtengenezaji asilipwe kwa kuwa anafanya kwa mapenzi yake, na papo hapo awajibike kama aliyelipwa. Mtu akichagua moja kati ya hayo mawili nitamsikiliza. Anayeyataka yote mawili kwa pamoja anatafuta mtumwa.

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya michezo, na mchezo ukiharibika hakuna anayekufa. Ni kweli, lakini tabia inayofunzwa kwenye michezo haibaki huko. Desemba 2021 liligunduliwa tundu la usalama katika Log4j, programu ndogo inayotumiwa na programu nyingine nyingi kuandika kumbukumbu za matukio. Wachezaji wa Minecraft walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuliona likitumika, kwa kuwa mtu aliweza kuandika mstari mmoja wa maneno kwenye gumzo la mchezo na seva, yaani kompyuta inayouendesha mchezo kwa wote, ikatekeleza amri zake. Walioitunza Log4j walikuwa wajitoleaji wachache wenye ajira zao kwingine. Walikesha, wakatoa marekebisho zaidi ya mara moja ndani ya siku chache, na wakati huo huo wakawa wanalaumiwa hadharani kwa kazi ambayo hakuna aliyewalipa kuifanya.

La XZ ndilo linalonitisha zaidi. Hiyo ni programu ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux, zikiwamo seva zinazoendesha michezo, na kwa miaka mingi ilitunzwa kwa sehemu kubwa na mtu mmoja tu. Mwaka 2022 akaunti zisizojulikana zilianza kumwandikia zikimlaumu kwa uchelewaji na kumhimiza akabidhi kazi kwa mwingine, na hata alipoeleza kwamba hali ya afya ya akili imempunguzia nguvu za kuifanya kazi hiyo, hazikuacha. Msaidizi alikuwepo, mwenye bidii na maneno mazuri, akapewa madaraka. Machi 2024 ikagundulika kwamba mlango wa siri ulikuwa umepenyezwa ndani ya programu ile kwa mkono wa msaidizi huyo, na mhandisi aliyeushtukia aliushtukia kwa sababu tu kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya mbali kulichukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengi waliolichunguza tukio hilo wanaamini kwamba zile akaunti za lawama zilikuwa za bandia, zilizotumwa kumchosha. Hila ile isingefaulu kama kelele za namna hiyo zingekuwa jambo la ajabu. Zilipita bila kushangaza kwa sababu kila mtunzaji wa kazi ya bure amekwisha kuzizoea.

Sisemi kwamba wajitoleaji ni malaika. Wako wanaopewa usimamizi wa seva wakageuka watawala, wakimfukuza mtu kwa kuuliza swali. Wako wanaokusanya michango ya kila mwezi kwa ahadi ya matoleo ya mapema, kisha wakikumbushwa ahadi wanajificha nyuma ya neno kujitolea. Hao wamepokea fedha, na aliyewalipa ana haki ya kuuliza. Wako pia wenye kuona kazi yao kama mboni ya jicho, wasiotaka kuacha msimbo wao, yaani maandishi ya amri yanayoiendesha modi, kwa yeyote hata wanapoondoka. Julai 2021 Nexus Mods, tovuti ambako watu hupandisha na kupakua modi, ilitangaza kwamba modi zilizopandishwa humo hazitaweza tena kufutwa kabisa, ikatoa mwezi mmoja kwa wasioafiki kuomba zao zifutwe, na baadhi ya watengenezaji wakaziondoa kweli. Naelewa kwa nini tovuti ilifanya vile, kwani modi moja ikitoweka huvunja nyingine kadhaa zinazoitegemea. Lakini naelewa pia hasira ya wenye modi, maana asiye na mshahara wala mkataba hubaki na uwezo mmoja tu wa kujitetea, nao ni wa kukusanya vyake na kuondoka.

Kwa upande wa sheria, jambo hili halina utata mkubwa. Leseni nyingi za programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, leseni iitwayo GPL ikiwa mojawapo, husema wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote, na modi nyingi huja na maneno kama hayo katika faili la maelezo ambalo karibu hakuna anayelisoma. Aliyepakua amekubali. Hata hivyo sipendi kujificha nyuma ya leseni, kwa sababu mtu aliyezoea modi kwa miaka mitatu, akapanga jioni zake kwayo, hawezi kuambiwa kwamba hana uhusiano wowote na kazi ile. Anao, ila si wa mteja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi naona mchezaji wa miaka mitatu amekwisha kupita siku ya tatu zamani. Jembe lake si lazima liwe kuandika msimbo. Anaweza kujibu maswali ya wageni yanayorudiwa kila siku, kujaribu toleo la majaribio kabla halijatolewa kwa wote, au kuandika ujumbe kama ule wa pili nilioutaja.

Aliyeuandika ujumbe ule, kwa taarifa ya wasomaji, ni dada ambaye hakuwa na ujuzi wowote wa kutengeneza modi wakati huo. Tuliendelea kuandikiana, akajifunza kubadili vipimo, na sasa nikiwa na shughuli nyingi ni yeye anayetoa marekebisho. Nimempa nywila zote, hivyo hata nikiacha kesho, kaka yangu ataendelea kusoma menyu zake.

Kuhusu modi ya msomaji niliyemjibu, siijui na si yangu. Lakini akiandika tena katika ukurasa huu akataja jina la modi, toleo la mchezo na maneno ya hitilafu yanayotokea kwenye skrini, nitaifungua Jumamosi nione kama kuna ninachoweza kufanya. Kama ni namba moja tu iliyobadilika, huenda tukamaliza siku hiyo hiyo, na kama ni zaidi ya hapo, nitamwambia.

Wako,
Mtunza modi, mchezaji wa siku nyingi